Mwaka Nilioshtakiwa kwa Kusukuma Mvua

Tulimzika Mama Zubeda mwezi uliopita, siku ya mvua, kwenye mteremko ambao udongo wake mwekundu ukiloa unakuwa sabuni. Waombolezaji walikuwa mia tano, labda elfu, sikuhesabu, na nusu yao walianguka. Mwalimu mkuu alikaa chini mara mbili. Mjumbe alishuka kwa makalio kuanzia mgomba wa kwanza hadi kaburini, na kijana mmoja aliyetoka Tanga na viatu vya kung'aa tulimwokota ndani ya maharage ya watu. Mimi, mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye nyonga iliyowahi kupondwa na gogo, nilishuka na kupanda bila kushika hata jani. Mjukuu wa marehemu, mwanamume mzima mwenye ndevu, akanisogelea. "Shikamoo babu Elia. Wewe mbona hutelezi?" Nikamwambia, "Marahaba. Aliyenifundisha ndiye huyo tumemlaza pale." Akanitazama kwa huruma, akanishika mkono, akadhani msiba umenipanda kichwani. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Mimi ni mhitimu wa madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, cheti ninacho, kimeliwa na mende pembeni tu, na jambo nikishaliandika halibishaniwi tena na wenye ndevu.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa mwanzo wa kijiji chetu cha ujamaa, huku juu ya Mlalo, njia ya kwenda Mtae. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na miguu mitatu: miwili ya Mungu na mmoja wa mti wa msindano. Gogo lilinilalia nikiwa kibarua wa mbao kule Shume. Lilikuwa gogo kubwa kama kanisa. Wenzangu walisema lilikuwa la kawaida, lakini halikuwalalia wao. Hospitali waliniunga wakanirudisha nyumbani na fimbo. Sasa mtu wa bondeni akiwa na mguu mbovu anaweza bado kulima, shamba lake limelala kama mkeka. Mashamba yetu yamesimama. Ukitaka kupalilia mahindi huku unaegemea kilima kwa bega moja, na mguu wa chini ndio unaobeba mwili, jembe na mawazo yako yote. Mguu wangu wa chini haukubeba kitu. Kijiji kikanihurumia, nikapewa kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wageni ya serikali, kumpikia fundi wa Kichina aliyeletwa kutujengea mfereji na tangi la maji. Kazi ingeisha siku mfereji utakapoisha. Baada ya hapo, ama niweze kusimama shambani, ama nifungashe niende kutafuta kibarua cha kukaa kitako huko tambarare ambako sina mtu.

Jiko lile naliona hadi leo. Chumba cha mawe, dirisha moja dogo, kuta nyeusi kwa masizi hivi kwamba ukipotea ndani mchana unahitaji taa. Fundi Lin, huyo mgeni wangu, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye mfuko wa shati uliojaa penseli, alikuwa anaingia humo kila asubuhi kunywa maji ya moto matupu. Hakuna majani, hakuna sukari, kikombe kikubwa cha bati chenye mvuke, anakunywa kama mtu anayetimiza ahadi. Kabichi alikuwa anaikata mwenyewe kwa sababu yangu aliiona ni kuni. Aliikata nyembamba kama uzi, akaitupa kwenye mafuta yanayolia, na kabla hujasema amina imeshaiva. Tulikula pamoja meza moja, yeye na vijiti vyake, mimi na mkono wangu, ugali wa ule unga wa njano wa msaada ambao kila mtu kijijini aliutukana na kuumaliza. Yeye hakuutukana hata siku moja. Na kupitia dirishani tulisikia wanawake wakipita kwenda chemchemi, wakizungumza kama vile ukuta hauna masikio. "Yule Elia kwisha habari yake," anasema mmoja. "Mwanamume wa kuosha sahani." "Si afadhali aende mashamba ya katani?" "Katani nako wanataka miguu, shoga." Kicheko, na madebe yakigongana. Mimi nasugua sufuria kwa majivu, nasugua hadi karibu nitoboe. Fundi Lin hakujua Kiswahili kingi, lakini kicheko kile alikielewa.

Alfajiri moja nilimkuta nyuma ya jiko, kwenye uwanja mdogo wa nyasi, amesimama ndani ya ukungu akipeleka mikono huku na huku taratibu mno. Nilidhani ametupa kitu hewani na sasa anakitafuta. Nikangoja akipate. Hakukipata, na hakuonekana kuhuzunika. Mwili wake ulikuwa unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kama maji yanavyohama ndani ya debe ukiliinamisha polepole, bila kishindo, bila kumwagika. Sijawahi kuona mtu mzima akitembea vizuri namna ile bila kwenda mahali. Alipomaliza aligeuka, akaitazama fimbo yangu, akasema, "Ndugu Elia. Wewe mguu mbaya. Mimi zamani mgongo mbaya, mbaya sana. Hii dawa. Kila siku." Nikauliza inaitwa nini. Akasema taichi. Nikaona ni jina la mtu, nikafikiri ndiye daktari wake.

Mwezi wa kwanza alinisimamisha tu. Magoti yamelegea kidogo, mikono mbele kama mtu aliyekumbatia mtungi, basi. Nilisimama hadi ndege wakaanza kunitazama kwa nia ya kujenga. Jasho lilinitoka kwenye baridi ya Usambara ambayo inagandisha hata mawazo. Mwezi wa pili akaniruhusu kutikisika, na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, kwa sababu mwili wangu ulijua mafunzo ya aina moja tu, mgambo. Mkono ulitoka kama bunduki. Mguu ulitua kwa kishindo, ti! Nyonga ikalia, nikalia nayo. Fundi Lin akauliza kwa upole, "Ndugu Elia, adui yuko wapi?"

"Hakuna adui, Fundi."

"Basi kwa nini unampiga?"

Majina yake ya Kichina yaliniponyoka, nikayapa yangu, nikayaandika kwenye daftari la darasa la jioni nyuma ya ukurasa wa hesabu: Kupitisha Sahani Juu ya Moto. Kumfungulia Mlango Jirani Usiyempenda. Kumsogeza Ng'ombe Bila Kumgusa. Na lile lililokuja kuniponza, la kusukuma kwa viganja vyote viwili mbele ya kifua, nililiita Kukataa Chai. Nilifanya yote nimeelekea mashariki kama Fundi Lin alivyofanya, kwa sababu ndiko jua linakotoka na ndiko uwanja ulikofunguka. Miezi minne nikajua mpangilio mzima, na bado kila nilipohamia mguu mbovu nilianguka kama mgomba uliozidiwa na ndizi. Fundi Lin hakukasirika. Aliniinua, akasema "tena," akarudi kwenye maji yake ya moto. Mwalimu yeyote wa kwetu angekwishaniita majina yote ya wanyama.

Sasa mwaka huohuo mvua ilikataa. Vuli ilipita kama mgeni asiyebisha hodi. Mchungaji aliomba, shehe aliomba, siku moja waliomba kwa pamoja pale sokoni na hata mawingu yenyewe yakashangaa, lakini hayakushuka. Kila asubuhi yalikuwa yanapanda kutoka upande wa mashariki, upande wa baharini, meusi, mazito, yakifika karibu na ukingo wa mlima yanageuka na kwenda zake. Na kila asubuhi, kati ya mawingu hayo na kijiji, alikuwapo kijana mwenye fimbo akisukuma hewa kwa viganja viwili. Sikuona uhusiano. Mama Zubeda aliuona.

Yeye alikuwa jirani yangu, mama wa miaka thelathini na zaidi kidogo, mkulima hodari wa mboga wa mabonde yetu, na sauti yake ingeweza kukata kuni. Mimi nilimpa shikamoo kila siku na yeye aliniitikia kila siku, hata asubuhi ile ya mkutano wa kijiji. "Marahaba, Elia," akasema kwa adabu kabisa, kisha akasimama mbele ya mwenyekiti na kijiji kizima akanishtaki.

"Mwenyekiti, mimi si mtu wa maneno mengi." Watu wakacheka, akawasubiri wanyamaze. "Kila alfajiri napita kuchota maji. Kila alfajiri namkuta huyu nyuma ya jiko. Wingu likija, anafanya hivi." Akainua viganja, akasukuma, na wallahi alisukuma vizuri kuliko mimi. "Na wingu linarudi. Nimeliona kwa macho haya, linarudi kama mbuzi aliyefukuzwa kwenye maharage. Mtu huyu anabana shi."

Kubana shi kwa Kishambaa ni kuifunga nchi, kuifanya ikauke, njaa iingie. Hilo kwetu si neno la utani. Zamani za wazee mtu aliyeambiwa hivyo hakulala tena kijijini, na wengine hawakulala tena popote.

"Ni mazoezi ya nyonga, Mwenyekiti," nikasema.

Mzee mmoja akauliza, "Nyonga iko chini, mikono iko juu. Vinahusiana nini?"

Jibu la swali hilo hadi leo silijui vizuri. Nikasema, "Mbona Fundi Lin anafanya vilevile na hamkumshtaki?"

"Mchina ni mgeni," Mama Zubeda akanikata. "Hajui mawingu yetu, na mawingu yetu hayamjui. Wewe umezaliwa nayo."

Watu wakaguna kukubali, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nikajikuta nimekubali kidogo. Wengine wakataka niondoke kijijini mpaka mvua inyeshe. Mwenyekiti, ambaye alikuwa ametumwa kutoka wilayani kutufundisha kwamba maendeleo ni jembe na samadi, alikuwa amekaa kama mtu aliyekalia siafu. Hawezi kusema mimi mchawi, hawezi kuwaambia watu wazima mia tatu kwamba hawajaona walichoona. Akaagiza Fundi Lin aitwe. Fundi Lin akaja na vumbi la saruji hadi kwenye kope, akasikiliza, hakucheka. Hilo sitalisahau. Alisikiliza habari ya mawingu kwa umakini uleule aliosikilizia habari ya mabomba. Kisha akauliza, "Mvua inatoka upande gani?" Wakamwonyesha mashariki. "Na jua kali?" Wakamwonyesha nyuma, magharibi, kule chini kwenye tambarare za Mkomazi ambako kuanzia Januari kunakuwa na rangi ya mkate uliosahauliwa motoni. Fundi Lin akainua mabega. "Basi, ageuke."

Mama Zubeda alifikiri, na kijiji kizima kikafikiri naye. "Eee," akasema mwishowe, "hapo ana maneno. Ageukie bondeni, alisukume hilo jua lirudi Mkomazi. Kila siku, asikose hata moja. Kama aliweza kuibana nchi ataweza kuitengeneza. Na mimi ndiye nitakayemsimamia, maana namjua huyu, analala."

Mwenyekiti akaandika kwenye kitabu chake kwamba kikao kimeafiki mazoezi ya viungo yaendelee. Hivyo ndivyo nilivyopona kufukuzwa, nikapata adhabu kubwa zaidi.

Alfajiri ya kesho yake kitu kiligonga bati la chumba changu, paa! Gunzi la mahindi. "Elia! Jua limeshaamka, wewe bado!" Nikatoka nimevaa blanketi. Mama Zubeda alikuwa amekaa kwenye jiwe, debe pembeni yake, kanga imefungwa kichwani, tayari kutazama. Nilifanya mpangilio mzima mbele yake nimegeukia bonde. Siku ya pili gunzi. Siku ya tatu gunzi. Mvua ya ugomvi tulikuwa nayo tele, ya maji hatukuwa nayo. "Huo mkono unasukuma jua au unamwita kuku?" "Polepole, unakimbilia wapi, chai yenyewe haina sukari." Fundi Lin akawa anatoka na kikombe chake kusikiliza, haelewi nusu, anafurahi yote. Kabla ya hapo, nakiri, nilikuwa nafanya mazoezi siku tatu nalala nne. Sasa nililala na homa nikaamka, niliamka Jumapili, niliamka siku niliyotamani kufa. Mtu anayedhani taichi ni kitu cha utulivu hajawahi kuifanya chini ya usimamizi wa Mama Zubeda.

Na ni yeye aliyenifungua. Siku hiyo nilianguka mahali palepale, kwenye kuhama kutoka mguu mzima kwenda mguu mbovu, nikalala chali natazama mbingu kavu. Yeye akasonya. "Wewe mtoto unautua mguu kama unaugomba. Unautupia mwili wote kabla haujasema uko tayari. Kwani hukuwahi kushuka na debe?"

"Debe ni kazi ya wanawake, Mama Zubeda."

"Ndiyo maana unaanguka."

Akajitwisha debe lake, lilikuwa limejaa hadi ukingoni, akashuka ile njia ya chemchemi iliyo wima kama ngazi. Akashuka hatua kumi, akageuka, akapanda. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara elfu kumi na sikuwahi kumwona. Mguu ulikwenda mbele mtupu, hauna mtu ndani yake. Ukagusa udongo kwa upande wa kisigino, ukauliza. Udongo ukajibu. Ndipo mwili ukahamia, wote, polepole, na mguu wa nyuma ukabaki mtupu kwa zamu yake. Kichwani maji hayakutikisika. Nikasikia kitu kikiwekwa chini nyuma yangu. Fundi Lin alikuwa ameweka kikombe kwenye nyasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla hajakimaliza.

"Huyu mama," akaniuliza kwa sauti ya chini, "mwalimu wake nani?"

Nikamfasiria. Mama Zubeda akacheka hadi maji yakamwagika sasa. "Mwambie mwalimu wangu ni debe. Ukilimwaga, unarudi chemchemi."

Fundi Lin akamwinamia. Akainama kweli, mikono ubavuni, kama mtu anavyoinama mbele ya mkubwa wake. Mama Zubeda, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, alitazama pembeni akarekebisha kanga. Kesho yake mimi nilipewa debe. Nusu kwanza. Nilimwaga maji ya kutosha kunywesha Lushoto nzima, nilirudi chemchemi hadi vyura wakanizoea, na wanawake waliokuwa wakinicheka dirishani sasa walinicheka mbele ya uso wangu, ambayo ni nafuu. Lakini mguu mbovu ulipoulizwa kwanza, ulianza kujibu.

Mvua ilikuja siku ya mia moja. Haya, haikufika mia, ilikuwa thelathini na kitu, na mwenye daftari ni mimi. Ilianza nikiwa kwenye Kukataa Chai, tone la kwanza likaniangukia kwenye kiganja, zito kama shilingi. Mama Zubeda akasimama kwenye jiwe lake akapiga kigelegele kilichosikika hadi Rangwi. "Fua! Fua!" watu wakaitana kwa Kishambaa, yaani mvua, kilima kwa kilima. Nikajaribu kumwambia kwamba ni masika tu, yamefika wakati wake. "Nyamaza," akasema, uso umelowa, sijui kwa nini hasa. "Maliza kwanza." Nikamaliza, naloa. Wiki tatu baadaye mvua ilipozidi na mahindi yakaanza kuoza, mzee yuleyule wa habari za nyonga alinifuata jikoni faragha, akaniomba nigeukie upande wa zamani kidogo, dakika mbili tu.

Mfereji ukaisha, maji yakatembea, na Fundi Lin akaitwa aende kwingine. Siku aliyoondoka barabara ilikuwa imekufa kwa matope, lori likashindwa kupanda, likabaki chini kabisa kwenye daraja. Mizigo ikabidi ishushwe kwa vichwa. Kulikuwa na sanduku moja la chuma la vifaa vya kupimia, zito kama dhambi, na kila kijana alilitazama akakumbuka ana kazi nyumbani. Nikasema nileteeni. Watu hawakuwa wanatazama sanduku, walikuwa wanatazama kama Elia atakuwa na shamba mwaka ujao au hatakuwa nalo. Nikajitwisha. Fundi Lin akanifuata nyuma, na nilijua bila kugeuka kwamba hatazami sanduku lake wala kichwa changu, anatazama miguu. Mguu mtupu. Uliza. Ngoja. Hamia. Nusu saa nzima, labda saa nzima, kwenye sabuni ile nyekundu. Nilipolitua kwenye lori magoti yangu yalikuwa yanaimba, lakini hayakuwa yamepiga magoti. Fundi Lin akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndugu Elia," akasema. "Hakuna adui." Akapanda lori. Ndipo nikakumbuka fimbo yangu. Nilirudi kuitafuta jikoni, haikuwapo. Mama Zubeda alikwishaichukua kuegemezea njegere zake.

Nililima msimu uliofuata, nikalima misimu hamsini baada ya huo, kwenye shamba lililosimama. Fundi Lin sikumwona tena wala sikupata barua. Mama Zubeda niliendelea kumpata kila alfajiri, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba adhabu imeisha, na mimi sikuwa mjinga wa kumwambia. Gunzi juu ya bati, mwaka hadi mwaka. Mabomba yalipofika uani mwake hakuhitaji tena kupita kwenda chemchemi, lakini bado akapita. Mkono ulipokosa nguvu ya kurusha alianza kugonga sufuria kwa mwiko kutoka kwake, na mimi nikitoka namwona kwenye kiti chake, ananitazama nikilisukuma jua lirudi Mkomazi. Habari ya mkutano ule hatukuizungumza. Mara moja tu, ameshazeeka kabisa, aliniambia nikiwa katikati ya kuhama mguu, "Elia, nilikuwa nimekuogopa kweli." Nikamwambia, "Najua, Mama Zubeda." Akasema, "Kiwiko hicho, shusha."

Siku iliyofuata mazishi nilichelewa kuamka. Nilifumbua macho jua liko juu ya paa, kuku wamekwishakula na kupumzika, na kwa muda sikuelewa kilichotokea, nikadhani nimekufa mimi. Kisha nikakumbuka. Nilikaa kitandani nikisikiliza upande wa uani kwake. Baadaye nikatoka, nikaenda ghalani, nikachagua gunzi zuri, zito. Nikasimama mbali kidogo na nyumba nikalirusha juu ya bati langu mwenyewe. Likagonga vizuri, likabingirika, likaanguka miguuni. Nikageukia bondeni, nikalegeza magoti, nikaanza.